Shati la Jumamosi

Zita alikuwa ameshafuta nyaya za umeme, bango la soda na pikipiki mbili zilizoegeshwa mbele ya mlango, ndipo alipomwona mchumba wake ndani ya kioo.

Akaacha kipanya, akasogeza kiti. Aliikuza picha mpaka kioo cha mlango kikajaa kwenye skrini, na Aminieli akazidi kuonekana, kichwa amekiinamisha kwenye kamera, kiwiko kimoja nje, vilevile anavyosimama siku zote. Mtu kuonekana kwenye kioo cha jengo alilotumwa kulipiga picha si dhambi. Ubaya ulikuwa kwenye shati.

Ilikuwa Alhamisi mchana, katika studio yao ndogo pale Majengo. Chumba cha mbele ni cha picha za pasipoti na za watoto wa kipaimara; nyuma ya pazia ndiko kwenye kompyuta, na huko ndiko Zita anakoshinda. Kazi waligawana tangu walipoanza: Aminieli anatoka na kamera, Zita anabaki na picha. Na Aminieli si mtu wa harusi. Umpe bibi harusi aliyependeza vipi, yeye atakuuliza lile ghorofa nyuma yake limejengwa na nani. Kwa miaka mingi alikuwa akiyafuata maghorofa Arusha na Dar es Salaam, mpaka lilipoinuka Jengo la Kilele hapo hapo Moshi, ofisi tupu, ghorofa kumi na mbili katikati ya mji, vioo kuanzia chini hadi juu. Siku mlima ukifunguka, Kibo yote inaingia ukutani. Aminieli alipopewa kazi ya kulipiga picha jengo hilo, usiku wake hakulala kwa furaha, na Zita naye hakulala kwa sababu alipigiwa simu kila saa kuelezwa furaha hiyo.

Jengo refu lina tabia zake. Ukilipiga ukiwa chini, kuta zake huonekana zimeegemea nyuma, linataka kulala, na kazi ya Zita ni kulisimamisha. Nyaya na mabango anafuta yeye. Watu hawafuti yeye; wanafutwa na kamera. Aminieli huiacha kamera wazi kwa muda mrefu, na kila anayepita mbele yake katika muda huo hupotea, asibakie hata kivuli. Anayebaki kwenye picha ni yule aliyesimama tuli. Halafu kuna sheria ya nguo. Anayepiga picha vioo huvaa nyeusi, maana kioo hakina aibu, ukikisogelea na rangi kinakurudisha wewe na kamera yako. Aminieli alikuwa na fulana nyeusi kadhaa za kazi, zimepauka kwa kufuliwa, na Zita hakuwahi kumwona akienda kwenye jengo bila mojawapo.

Sasa huyu wa kwenye kioo alikuwa na shati la bluu, kola imesimama, vifungo vyeupe.

Shati hilo Zita alilinunua mwenyewe pale sokoni Memorial, baada ya kupekua meza za mitumba asubuhi nzima. Alilifua, akalipiga pasi, akalitia kwenye mfuko, akamkabidhi Aminieli na masharti yake: lisiguswe mpaka Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku wazee wa Aminieli watakapopanda Kibosho na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa mzee Wenseslaus, baba yake Zita, kumposa. Shati la posa. Na picha iliyo mbele yake ilipigwa Jumanne.

Tuseme ukweli: mwanamke mwenye akili zake angepiga simu akauliza. Zita ana akili zake, tena nyingi, ila siku hiyo aliziweka kando na kufungua picha nyingine.

Ukumbi wa mapokezi: sakafu inang'aa, kila mtu amepotea, hata mlinzi ambaye kazi yake ni kukaa. Amebaki mwanamke mmoja kando ya nguzo, gauni la kijani, mikono ameikunja kifuani. Ngazi za ghorofa ya pili: mwanamke yuleyule, kaegemea ukuta. Korido ya juu: yuleyule. Uso wake umetulia kiasi kwamba unaweza kuhesabu nyusi. Na kusimama hivyo si bahati. Binadamu akiachwa asimame atajikuna, atageuka, atachungulia simu. Huyu alikuwa anatazama kamera. Hapana, Zita alijisahihisha, kamera haitazamwi namna ile. Alikuwa anamtazama aliyekuwa nyuma yake.

Basi huyo ndiye arkitekti, msanifu wa jengo. Aminieli alikuwa amemtaja mara nyingi, arkitekti kasema hivi, arkitekti anataka vile, ametumwa na ofisi yao ya Dar kusimamia picha. Zita kwa akili yake alijichorea mzee mwenye kitambi na miwani. Hakuna aliyemwambia kwamba arkitekti anaitwa Doris, na kwamba ana shingo ndefu na gauni la kijani linalomkaa.

Alifunga studio. Kulikuwa na mama mmoja na mwanawe wanasubiri picha za pasipoti, akawaomba radhi akawaambia waje kesho, mashine imegoma. Mashine haikuwa imegoma hata kidogo.

Alikwenda kwa miguu mpaka mjini, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofika Kilele, mlinzi alimwonyesha kidole upande wa pili wa barabara, juu ya paa la jengo la zamani linalotazamana na lile jipya. Wako huko tangu saa kumi, alisema, wanangoja taa. Zita alijua maana yake. Ni ile saa ya jioni ambayo mbingu bado ina bluu na ofisi zimeshaanza kuwasha taa, muda mfupi tu, na ndiyo saa ambayo Aminieli huipenda kuliko zote. Zita aliwahi kumwomba amchukue siku moja akaione. Akamjibu kwa upole kwamba saa hiyo hawezi kuwa na mtu pembeni, akili inamtoka. Zita aliielewa sababu hiyo na hakuomba tena. Sasa alizipanda ngazi za jengo la zamani huku akiitafakari upya.

Juu kulikuwa na upepo. Aminieli alikuwa ameinama kwenye kamera, na Doris ameishika stendi kwa mikono miwili isitikisike, bega lake na bega la Aminieli hayaachani. Mbele yao vioo vya Kilele vilikuwa vimeanza kuwaka kimoja kimoja.

“Ami, mlima umeingia,” Doris alisema taratibu.

Na kweli, theluji ya Kibo ilikuwa imejitokeza kwenye vioo vya juu. Lakini Zita hakuona theluji. Alichosikia ni “Ami.” Hilo jina alilitunga yeye, na alidhani halijawahi kutoka kwenye mdomo mwingine.

Alibisha hodi, hodi ya kwenye paa lisilo na mlango. Aminieli aligeuka. Uso wake ulifurahi kwanza halafu ukaogopa, na Zita aliyaona yote mawili kwa mpangilio huo. Doris ndiye aliyekuja kumpokea kwa mikono yote.

“Wewe ndiye Zita. Karibu sana, mdogo wangu. Nimetamani kukuona.”

Zita alishukuru kwa sauti aliyolelewa nayo, ile inayotumika msibani na kwa mapadri. Doris alikuwa mzuri zaidi ya picha zake, tena hakuwa na majivuno, na hilo lilimuudhi Zita zaidi, kwa sababu mwenye majivuno ni rahisi kumchukia. Alizisifu picha zinavyosafishwa. Alisema kule ofisini kwao walishangaa kusikia zinasafishiwa Majengo. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema lile alilolisema.

“Ndiyo maana nilimwambia Ami, hata akihamia Dar kazi zako zisikatike. Unabaki huku huku Moshi, tunakutumia picha tu.”

“Dar ipi?” Zita aliuliza.

Doris alimtazama Aminieli. Aminieli alitazama kamera. Upepo uliwapigia wote watatu nguo. Doris akasema alidhani wameshaongea, akaeleza kwa kifupi, maana njia ya kurudi nyuma haikuwepo: ofisi yao ina maghorofa mengi kule Dar yanayotaka kupigwa picha, mkataba wa mwaka mzima, unaanza mwezi ujao. Alijaribu kulipoza jambo na akalichochea. Alisema hata mama yake Aminieli alifurahi alipomwambia Jumapili.

Katika maelezo hayo Zita alielewa kwamba Doris ni wa Machame, Mlutheri wa kuzaliwa, kwamba Jumapili alikuja kusali Masama, kwao Aminieli, na shangazi yake, na kwamba baada ya ibada Mama Ndelilio, mama yake Aminieli, alimkaribisha nyumbani akampikia kiburu, ndizi na maharage ya wageni wa heshima. Zita katika miaka yao yote alikaribishwa chai. Chai nzuri, yenye maziwa, lakini chai.

Doris hakuwa mjinga. Aliaga, akamshika Zita mkono kidogo, akateremka ngazi. Viatu vyake vilisikika mpaka chini.

“Shati,” Zita alisema.

“Shati gani?”

“La Jumamosi.”

Aminieli aliachia pumzi. Alisema Jumanne mwenye jengo aliwaalika chakula cha mchana hotelini, asingeweza kwenda na fulana iliyopauka.

“Na ulijua vioo vitakuonyesha?”

“Nilijua.”

“Ukalivaa.”

“Nikalivaa.”

“Kwa ajili ya mwenye jengo.”

Aminieli ana kasoro zake, na mama yake akikaa vizuri atakutajia nyingi, lakini uongo haumkai mdomoni. Ukimbana anautema. Alichezea kifuniko cha lenzi, kisha akakitia mfukoni.

“Hapana,” alisema. “Kwa ajili yake.”

Zita alidhani anaijua hasira. Hii ilikuwa kitu kingine. Aliona taa za Kilele zinacheza mbele ya macho yake. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Njia nzima alipanga namna ya kuuvunja uongo, na sasa mikono ilikuwa mitupu.

“Hakuna kilichotokea,” Aminieli aliendelea. “Sijamgusa wala hajanigusa, hata neno la kijinga hatujaambiana. Ila ananitazama, Zita. Nikifanya kazi ananitazama, na nikajikuta napenda. Miaka yote kazi yangu ni kujificha nisionekane. Siku moja nikataka nionekane.”

“Na mimi nikikutazama je?”

“Wewe unatazama picha.”

Alilisema bila lawama, na ndiyo maana liliuma. Zita alitamani kumwambia kwamba kila ukuta anaoupiga yeye huuona kwa macho yake, kwamba akikaa peke yake nyuma ya pazia anajua hapa Aminieli alikuwa na njaa, hapa alikuwa na haraka, hapa alikuwa anafikiria kitu. Alitamani kumwambia kwamba hayo ndiyo kutazama kwake. Lakini mwenye wivu haelezi, anapiga.

“Jumamosi msije,” alisema.

“Zita.”

“Nimesema msije. Nitamwambia baba.”

“Ndizi zimeshachemshwa tangu wiki iliyopita. Kesho mama anachanganya ulezi. Baba mkubwa Ebenezeri ameshawaambia watu. Mbege haisubiri watu wapatane, unajua hilo.”

“Basi mnywe wenyewe. Mwiteni na Doris. Ni wa kwenu, mama ameshampikia.”

Alishuka ngazi bila kushika ukuta. Barabarani alisimama, akainua macho. Jengo lote la Kilele lilikuwa limewaka, mbingu nyuma yake bado bluu, ile saa yenyewe. Juu ya paa la zamani Aminieli alikuwa amesimama ameipa kisogo kamera, anamtafuta yeye gizani kati ya watu. Picha hiyo haikupigwa. Zita alijisikia vizuri kwa hatua chache tu, halafu akaanza kulia.

Ijumaa alipanda Kibosho kwao. Simu ililia, akaiacha ilie. Ikanyamaza, akaichungulia kuona kwa nini imenyamaza. Alikuwa na neno moja la kumwambia baba yake, na siku nzima hakulisema. Si kwamba alimwogopa mzee. Aliogopa furaha yake. Mzee Wenseslaus alikuwa amekataa posa hii tangu mwaka juzi. Mlutheri, alisema, na tena wa kupiga picha nyumba zisizo zake. Alilegea tu baada ya paroko kumwita, na baada ya kukubaliana kwamba ndoa itafungwa Kibosho, jambo ambalo Mama Ndelilio huko Masama alilimeza kama shubiri. Kumwambia leo kwamba wageni wasije kungemfanya mzee achinje mbuzi kwa shukrani.

Basi Zita alimenya ndizi kwenye beseni na hakusema. Shangazi yake Gladys alimuuliza macho yamekuwaje, akasingizia moshi wa jikoni. Usiku alilala chali, akamkumbuka Aminieli anavyokuja nyuma ya pazia akimkuta amekaa vibaya kwenye kompyuta, anamshika kichwa kwa viganja viwili na kumwambia, ngoja nikunyooshe na wewe, umelalia upande. Viganja vyake vya baridi kila wakati. Akajiuliza kama Doris anajua kwamba ni vya baridi. Akageukia ukutani.

Hakujua kama watakuja. Alijiambia anaomba wasije.

Walikuja. Saa nne asubuhi gari mbili zilisimama chini kwenye barabara, wakapanda kwa miguu katikati ya migomba, baba mkubwa Ebenezeri mbele na fimbo yake, Mama Ndelilio na kitenge kipya, shangazi wawili na vikapu, na vijana wamebeba pipa la mbege limefunikwa majani ya mgomba. Aminieli alibaki kwenye gari. Ndivyo inavyofanyika, mwenye kuoa haingii mpaka aitwe, na kama haitwi anarudi alikotoka bila kuonja aibu mbele ya watu. Zita aliwaona wote hao kupitia dirisha la jikoni. Alipoona pipa lile moyo ulimdunda kwa namna ambayo hakuiruhusu.

Sebuleni maneno ya wazee yalichukua njia yake ndefu. Mzee Ebenezeri alisema walikuwa wanapita tu, wakasikia katika nyumba hii kuna ng'ombe jike mzuri, wakaona wasipite kimya. Mzee Wenseslaus alijibu kwamba ng'ombe wa nyumba hii ana zizi lake na hajalalamika. Watu walicheka panapochekwa. Waliongea mvua, waliongea kahawa, wakarudi kwenye ng'ombe. Mwisho Gladys alitumwa jikoni.

“Njoo, mwanangu. Unaitwa,” alisema, akamfunga khanga upya kiunoni.

Zita aliingia, akawaamkia wote kwa zamu, shikamoo na marahaba zikazunguka chumba. Alisimama kati ya kiti cha baba yake na meza iliyowekwa kata moja imejaa mbege, povu juu, haijaguswa na mtu.

“Zita, unawafahamu watu hawa?” baba aliuliza.

“Nawafahamu, baba.”

“Wameleta pombe, na wanasema wameileta kwa jina lako. Pombe haijaonjwa. Mimi ni mzee, siwezi kunywa kitu ambacho mwanangu hakijui. Nikuulize mbele ya pande zote mbili. Tunywe au tusinywe?”

Zita alikuwa na jibu lake tayari. Alilala nalo, akaamka nalo. Tusinywe. Neno moja, na kila mtu angejua. Aliona uso wa baba yake, umekaa kwa adabu, lakini ndani ya macho kuna mtu anayesubiri habari njema. Alifungua mdomo.

Ndipo alipomwona Mama Ndelilio. Mama huyo hakuwa amefanya lolote baya. Alikuwa tu ameushika mkoba wake, ameuweka magotini, na miguu ameirudisha chini ya kiti, tayari kuinuka.

Na Zita akaliona lote lililobaki. Pombe hii haitamwagwa. Hakuna Mchagga anayemwaga mbege iliyoiva. Itafunikwa majani yake, itashushwa mpaka kwenye gari, itarudi Masama leo, na kesho baada ya ibada lazima inywewe kabla haijachacha. Watu wataitwa. Doris ataitwa. Atakaa kwenye kiti alichokalia Jumapili iliyopita, atapewa kata kwa mikono miwili, na atainywa mbege ya Zita, iliyopikwa kwa jina la Zita, huku anamtazama Aminieli namna ile.

“Kunyweni,” Zita alisema.

Baba yake alimwambia arudie, masikio yana umri.

“Kunyweni, baba. Nawafahamu.”

Akainyanyua kata mwenyewe kabla hajaambiwa, akanywa kwanza yeye, kama inavyotakiwa, ila alikunywa kupita kiasi kinachotakiwa. Mbege ilikuwa imeiva vizuri. Gladys alipiga kigelegele, shangazi wa Masama wakakipokea, na Mama Ndelilio akaurudisha mkoba chini kando ya kiti, taratibu. Zita alikuwa amesimama katikati ya shangwe ile na alijua jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Aliyejibu hakuwa yule msichana anayempenda Aminieli. Huyo alikuwa bado amenuna tangu Alhamisi. Aliyejibu ni yule asiyekubali Doris ampate, na huyo ndiye aliyekuwa na sauti.

Kijana alitumwa barabarani. Aminieli aliingia akiwa ameinamisha kichwa, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, akamwamkia mzee Wenseslaus kwa goti. Mzee alimpokea kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi lakini anaiheshimu mahakama. Kisha mila ikamtaka Zita ampelekee kata. Aliijaza, akaenda akapiga magoti mbele yake, na nyuso zao zikawa karibu kuliko zilivyokuwa tangu Alhamisi. Vigelegele vilikuwa vimepanda tena. Hapo mtu angeweza kusema lolote, na lisisikike na mwingine.

“Dar sijawajibu,” Aminieli alisema chini chini.

“Watajibiwa na sisi wawili.”

Aminieli alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, na Zita hakuangalia pembeni, ingawa uso ulikuwa unamwaka. Alitaka kumpiga na alitaka kumshika, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi ya kushika kata.

“Kwa hiyo umenisamehe?” aliuliza.

Zita alimsogezea kata mdomoni, akaishikilia mpaka alipomaliza kunywa.

“Sijakusamehe,” alisema. “Nimekuchukua.”